Zege Chini ya Jiko la Bi Saadet

Nermin alipata habari ya hodhi la kwao akiwa ngazini, anawatoa wageni katika Yerebatan, lile hodhi kubwa la maji la chini ya ardhi. Walikuwa Wabrazili, watu wa kicheko, na alikuwa bado anawakusanya wasije wakapotezana mlangoni, simu ikalia. Mama yake.

"Nermin, unakikumbuka kile kisima cha jikoni?"

"Kile bibi alichokuwa akishushia matikiti yapoe?"

"Hichohicho. Basi kumbe kina tumbo. Tuncay anasema chini yake kuna ukumbi mzima, una nguzo, una maji. Kaniambia nisikwambie."

"Na wewe umeniambia."

"Mimi sikuahidi. Nilinyamaza tu, akadhani nimekubali."

Bi Saadet alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu. Mumewe alimwachia nyumba ya zamani kule Samatya, mbao juu na matofali chini, nyufa zake pana hata mtu angeweza kutia kidole. Wapimaji walipokuja walisema tetemeko likifika nyumba hiyo haitangoja la pili. Kwa hiyo mwanawe wa kiume, Tuncay, akatafuta mkandarasi, wakaibomoa. Hapo pasimame jengo jipya la zege na chuma, mama apewe fleti ya chini, mkandarasi auze zile za juu. Wakati wa kungojea, Bi Saadet alipangishiwa nyumba Esenyurt, mwisho wa mji, ghorofa ya nne, mahali ambapo hakumjua hata muuza mikate.

Watu wa makumbusho walikuwa wamekwisha kupita kabla ya ujenzi, kama sheria inavyotaka katika mji wa kale. Walichimba mashimo ya kujaribia upande wa mbele, hawakukuta kitu. Jiko lilikuwa nyuma.

Siku hiyo Nermin aliwamalizia wageni wake Ayasofya na Msikiti wa Sultan Ahmet, mdomo wake ukisema wenyewe, maana kichwa hakikuwapo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akiwaonyesha watu nguzo za Warumi wa kale, akijua ipi ina ufa na ipi ina jani lililochongwa vibaya. Na muda wote huo, kila alipokwenda kwao kula, alikaa juu ya nguzo nyingine asijue.

Alipofika Samatya jua lilikuwa bado juu. Nyuma ya uzio wa mabati alimkuta Tuncay ameketi juu ya matofali na mkandarasi, Bwana Şevket, mtu mnene wa shati jeupe, wanakunywa chai. Tuncay alipomwona dada yake aliweka gilasi chini taratibu kama mtu aliyekwisha kukamatwa.

"Mama," alisema.

"Mama amefanyaje? Nionyeshe shimo."

"Dada, ngoja kwanza tukae..."

"Nionyeshe shimo, Tuncay."

Walishuka kwa ngazi ya mbao. Nermin aliwasha taa ya simu, akainyanyua. Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu, ya baridi, maangavu. Nguzo zilisimama zimepangana mpaka gizani, na juu yake matao ya matofali membamba yaliyoungwa kwa chokaa nyekundu. Hapakuwa pakubwa kama Yerebatan, wala hapakuwa na taa za rangi. Palikuwa na kandambili ya mtoto iliyoelea, na ukutani alama ya kamba, mfereji laini uliochimbwa na wanawake wa miaka nenda miaka rudi, wakiteka maji. Mkono wa bibi yake ulikuwa mmoja wao. Nermin aliweka kidole humo, machozi yakamlenga.

Halafu akageuka upande wa kushoto akaona nguzo mbili zimelala majini, zimevunjika. Mpasuko wake ulikuwa mweupe kama jino. Mpya.

"Nani amezivunja hizi?"

"Tingatinga," Tuncay alijibu. "Lilipozama. Ilikuwa ajali."

"Moja ajali. Na ya pili?"

Aliyejibu ni Bwana Şevket, kutoka juu, ameinama kwenye mdomo wa shimo. "Bibi, katika mji huu ukitema mate unaipiga nguzo. Tungekuwa tunasimama kwa kila moja, watu wangelala wapi?"

"Sijazungumza na wewe."

"Lakini ardhi ninajenga mimi."

"Ardhi ya mama yangu. Rudi kwenye chai yako."

Walibaki wawili majini. Hasira ilikuwa imempanda Nermin mpaka sauti ikawa nyembamba. Alimuuliza Tuncay walikusudia kufanya nini, ingawa alijua, maana juu alikuwa ameona mabomba yamekwisha kupangwa. Walikusudia kulijaza zege.

"Ungelala usingizi?" alimuuliza.

"Kwani sasa ninalala?" Tuncay alisema. "Makumbusho wakijua, wataweka kufuli. Miaka mitano, miaka kumi. Mama atafia kule Esenyurt akipanda ngazi na mfuko wa viazi. Hilo ndilo unalolitaka? Wewe unapenda mawe kuliko mama yako."

"Usimtie mama mdomoni. Ulimfundisha kunificha."

"Kwa sababu nakujua. Wewe hata ukitukana unatukana kama makumbusho."

Walirushiana maneno mpaka Bwana Şevket akaondoka juu kwa aibu. Mwishowe Tuncay akalegea, akaegemea nguzo, akasema kwa sauti ya chini: "Sawa. Nipe hadi Ijumaa. Nitakwenda mwenyewe nikaseme. Wakisikia kutoka kwangu watanipunguzia. Wakisikia kutoka kwako, nitafungwa."

Nermin alimtazama. Alikuwa mdogo wake, yeye ndiye aliyembeba mgongoni katika mtaa huohuo, akamfuta makamasi kwa aproni yake ya shule. "Ijumaa," alisema.

Alhamisi mchana Nermin alikuwa na nafasi. Wageni wake walitaka kwenda Soko Kuu kununua vitambaa, hawakumhitaji. Akaona aende Samatya akapige picha nzuri, ili kesho yake Tuncay asiende makumbusho mikono mitupu. Alinunua hata mikate ya ufuta, mmoja wake na mmoja wa Tuncay.

Alipopinda kona aliliona lori la zege limesimama kinyumenyume kwenye uzio, pipa lake linazunguka. Bomba nene lilikuwa limeingizwa kwenye mdomo wa kisima, linatikisika kama koo la ng'ombe anayekunywa.

Baadaye hakukumbuka ile mikate aliitupa wapi. Alikumbuka tu kwamba alipita katikati ya wafanyakazi, akalikumbatia lile bomba kwa mikono miwili, akajibwaga chini nalo. Zege likamrukia kifuani na usoni. Dereva akazima mashine.

"Mwage," Tuncay alimwambia dereva. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Usimsikilize, mwage."

"Bwana, mimi simwagi zege karibu na mama wa watu," dereva alisema, akashuka kwenye lori akawasha sigara.

Nermin aliinuka. Alichungulia shimoni. Upande wa kushoto, zile nguzo zilizolala zilikuwa hazionekani tena, na zege lilikuwa limepanda mpaka kiunoni mwa zile zilizosimama, la kijivu, likitiririka polepole kuelekea ukuta wenye alama ya kamba. Bado lilikuwa linasikika linavyokwenda.

"Ulisema Ijumaa," alimwambia mdogo wake.

"Nilijua utasema ndiyo."

Jibu hilo ndilo lililomuua. Kama angesema alibadili mawazo, au mkandarasi alimlazimisha, pengine Nermin angepiga kelele tu, wakaishia hapo. Lakini Tuncay alikuwa ameupima upendo wake kama fundi anavyopima ubao, akaukata pale alipotaka.

Nermin akatoa simu mfukoni, akaipangusa zege kwa kidole.

"Ukipiga hiyo simu," Tuncay alisema, "mimi si ndugu yako."

Nermin akawapigia askari, palepale, mbele yake, akiwa anamtazama machoni. Alitaja mtaa, akataja nyumba, na alipoulizwa mhusika ni nani, akataja jina la Tuncay kamili pamoja na la baba yao.

Walikuja askari, wakaja wataalamu wenye kofia ngumu. Kazi ikasimamishwa. Bwana Şevket alijitoa katika mkataba kabla wiki haijaisha, akapeleka mitambo yake kwingine. Tuncay akashtakiwa. Samatya nzima ikajua, na Samatya ikagawanyika. Muuza samaki wa uwanjani alimwambia Nermin kwamba amefanya jambo la haki, na mke wa muuza samaki akamwambia, mbele ya mumewe, kwamba mtu anayemwitia askari ndugu yake asije kununua samaki hapo.

Ikafika Sikukuu ya Idi. Nermin alikwenda Esenyurt asubuhi na sanduku la halua. Alimkuta Tuncay amekwisha kufika, amekaa ukingoni mwa kochi kama mgeni, na hawakusalimiana. Bi Saadet alitoka jikoni amevaa gauni lake jipya. Nermin akainama amshike mkono aubusu, kama kila mwaka. Mama akauvuta mkono nyuma ya mgongo.

"Mkono huu haubusiwi leo," alisema.

"Mama," Nermin alisema, "kama ni kwa ajili ya ile simu..."

"Nyamaza. Na huyu naye sijampa, usidhani." Akawatazama wote wawili. "Wewe uligombana kwa ajili ya kilicho chini ya jiko langu. Huyu akagombana kwa ajili ya kitakachokuwa juu ya jiko langu. Jiko ni la nani? Nimeolewa ndani yake, nimezaa hatua chache kutoka kwake. Yuko aliyekuja akaniuliza, mama, unataka nini? Mmoja alinifunga mdomo, mwingine akanisikia nikifungua mdomo akanipita mbio."

"Ungetaka nini, mama?" Tuncay aliuliza.

"Sasa ndio unauliza. Sasa sikwambii. Kuleni halua, mwende zenu."

Wakala halua bila kutazamana, wakaenda zao. Kwenye ngazi Tuncay alitangulia, na Nermin alisimama kwenye ghorofa ya pili kwa makusudi mpaka aliposikia mlango wa chini umefungwa.

Kesi ilikwenda kwa mwendo wa kesi. Mwishowe Tuncay alihukumiwa kifungo cha nje, akaruhusiwa kukaa kwake mradi asirudie kosa. Serikali ikakichukua kiwanja, ikamlipa Bi Saadet, naye akapata fleti ya chini mitaa miwili tu kutoka pale, kwenye jengo jipya, dirisha la jikoni likitazama mti wa mtini wa jirani. Hapo akaanza tena kuwapa watoto wake mkono, lakini kila mmoja siku yake. Wataalamu walilifanyia kazi hodhi. Zege halikutoka. Walijaribu, wakaona likitolewa litabomoka pamoja na nguzo zilizoshikwa ndani yake, wakaliacha. Wakajenga daraja jembamba la chuma juu ya maji, wakatia taa, wakafungua mlango. Wageni wakaanza kuja, maana wageni hupenda kitu ambacho wenzao hawajakiona.

Kampuni aliyofanyia kazi Nermin ikaliweka hodhi hilo katika ziara zake. Angeweza kukataa. Hakukataa. Aliwaleta watu, akawaonyesha matao, akawaonyesha alama ya kamba ambayo sasa nusu yake ilikuwa imezama katika kijivu, kisha akawageuza upande wa kushoto na kuwaambia kila safari bila kupunguza: "Zege hili lilimwagwa na Tuncay, mdogo wangu. Aliniahidi hatalimwaga, akalimwaga." Wageni wengine walilipiga picha zege kuliko nguzo.

Maneno hayana mlango. Yalimfika Tuncay dukani kwake, alikokuwa akiuza mabomba na koki, yakiletwa na mteja aliyekuwa na shemeji mwongoza watalii. Naye akaja.

Siku hiyo Nermin alikuwa na Waholanzi, wazee waliostaafu, wenye viatu vizuri vya kutembelea. Alikuwa amefika penye "aliniahidi" alipomwona Tuncay amesimama mwisho wa daraja la chuma, tiketi mkononi.

"Endelea," Tuncay alisema kwa Kituruki. "Nimelipia kama wengine."

"Toka, Tuncay."

"Hutaki nisikie? Unalisema jina langu kila siku mbele ya watu ambao siwezi hata kuwajibu kwa lugha yao."

Mzee mmoja mrefu akamgusa Nermin kiwiko, akamuuliza kwa Kiingereza huyu bwana anasema nini.

Nermin alikuwa na njia nyingi. Angeweza kusema ni mtu wa mtaani, amekunywa. Lakini alikuwa amechoka kuwa na hasira yenye upande mmoja tu, na pia ilikuwa kazi yake. "Huyu ndiye mdogo wangu," alisema. "Anasema ninamsema mbele ya watu ambao hawezi kuwajibu."

"Waambie basi," Tuncay alisema alipoelewa anachofanya. "Nami nina maneno. Yatafsiri."

"Sema."

"Waambie dada yangu anawapenda waliokufa miaka elfu iliyopita kuliko walio hai."

Nermin akatafsiri.

"Waambie ana ulimi wa nyoka na kichwa cha punda, tangu utotoni."

Nermin akatafsiri, na kwenye punda alitafuta neno lililo sawasawa, hakulilainisha. Bibi mmoja alicheka kidogo, akajizuia.

"Waambie mwaka wa tetemeko kubwa nilikuwa askari kule Gölcük, mji ulioporomoka. Nilikuwa na miaka ishirini. Waambie tulichimbua watu kwa mikono. Kulikuwa na mkono umetoka katikati ya sakafu mbili, sikujua ni wa mwanamke au wa mwanamume. Nikaushika. Ukanishika. Tukashikana mpaka kulipokucha. Halafu ukaniachia."

Nermin alifungua mdomo. Alijua Tuncay alikuwa Gölcük, familia yote ilijua, lakini mambo ya mkono hakupata kuyasikia. Alitafsiri polepole.

"Lile zege la nyumba za kule lilikuwa la mchanga wa baharini," Tuncay aliendelea, "lina magamba ya kome ndani yake, unalivunja kwa vidole. Waambie kila nilipoingia nyumbani kwa mama nikaona zile nyufa, niliona ule mkono, una bangili ya mama. Waambie nilipoona zege la lori lile, zito, safi, niliona raha. Raha, waambie. Hata sasa nikiliona hapa linanipa raha, na linanitia kichefuchefu." Akavuta pumzi. "Na waambie kweli nilimdanganya. Hilo ni kweli. Nilimdanganya na nilijua atanipa siku, kwa sababu hajawahi kuninyima kitu. Lakini waambie hajaniuliza hata siku moja kwa nini."

Nermin akatafsiri yote mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa ikisema kwa lugha ya watu wengine kwamba yeye hakuuliza. Alipomaliza, tone la maji lilisikika mahali fulani nyuma. Ndipo bibi yule aliyecheka akaanza kupiga makofi, na wawili watatu wakamfuata.

"Tafadhali," Nermin aliwaambia, na sura yake iliwafanya waache mara moja. "Haya si maonyesho. Tangulieni juu. Nitawakuta nje."

Walipanda wakinong'onezana. Viatu vyao viliipigisha kelele ngazi ya chuma, kisha wakabaki wawili.

"Ungeniambia lini?" Nermin aliuliza. "Nikifa?"

"Ulikuwa unafoka."

"Ningefoka, halafu ningesikia."

"Wewe? Wewe ukishaanza kufoka unafoka mpaka taa inazimwa."

"Na wewe ukishaanza kunyamaza unazika watu." Alionyesha kushoto kwa kidole. "Nguzo mbili, Tuncay. Na ukuta alioshika bibi. Usidhani mkono wa Gölcük utayafuta haya. Ninakuhurumia na bado ninatamani nikupige kofi."

"Sijaja kuomba msamaha."

"Sijakupa."

"Basi tumeelewana."

Walisimama. Tuncay aliegemea chuma cha daraja, akaitazama nguzo iliyokuwa imefungwa zege hadi kiunoni, akaitazama kwa muda, kisha akageuza uso.

"Utaendelea kunitaja?" aliuliza.

"Nitaendelea. Na la Gölcük nitalisema."

Tuncay alifikiri. "La punda liache."

"La punda nitalisema kwanza."

Akaguna. Hakucheka, wala Nermin hakucheka. Walianza kuelekea ngazini, Nermin mbele.

"Jumapili mama anataka kwenda Eyüp kuzuru kaburi takatifu," Tuncay alisema nyuma yake. "Magoti yanamsumbua. Mimi nina gari, lakini ndani ya ua kule mtu wa kumshika upande wa wanawake hayupo."

Nermin alipanda ngazi mbili kabla ya kujibu. "Nitakuja. Nitakaa kiti cha nyuma, na usinisemeshe njiani."

"Nani kakwambia nina hamu ya kukusemesha?"

"Njoo mapema. Mama hapendi kungojea."

"Najua mama hapendi nini," Tuncay alisema kwa ukali, wakatokea nje kwenye mwanga, ambako Waholanzi walikuwa wamejipanga ukutani, wote wamewakodolea macho.